Kiti cha Dirishani, Mwanza hadi Bukoba

Machi 3, Jumatatu

Daktari amesema niandike kila siku uzito wa Tata, baba yangu, na hali ya miguu yake. Haya, nimeandika: kilo hamsini na nane, miguu imevimba mpaka juu ya vifundo. Lakini daftari hili lina kurasa nyingi, nililinunua la kuandikia vipimo vya sare za shule, na mimi Felicitas sijawahi kuwa mtu wa kusema neno moja nikanyamaza. Kurasa zitakazobaki ni zangu.

Daktari alisema mbele yake mwenyewe kwamba moyo umechoka. Dawa zitausaidia, hazitaufanya mpya. Tata akauliza, "Miezi mingapi?" Daktari akasema, "Mzee, mimi si Mungu." Tata akamjibu, "Hilo naliona. Mungu havai koti lenye wino mfukoni." Baba yangu ndivyo alivyo, hata akiwa hana pumzi ya kutosha kuvaa viatu.

Tulirudi nyumbani Pasiansi kwa bajaji, mvua imetukamata njiani. Alipoketi tu, ndege ikapita juu ya bati letu. Hakuinua hata macho. "Ya Bukoba hiyo," akasema. "Imechelewa dakika kumi na mbili. Kilometa mia moja sabini na tano, dakika arobaini na tano."

Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni. Miaka thelathini na moja Tata amepakia mizigo uwanja wa ndege hapa Mwanza, na kila safari anaijua umbali wake na dakika zake. Kupanda, hajawahi kupanda hata moja. Likizo zetu zote tulikwenda Bukoba kwa meli, usiku kucha, tumelaliana na mizigo ya watu.

Machi 4

Kilo hamsini na nane. Mvua. Cherehani imekata mkanda.

Machi 7, Ijumaa

Leo amesema lililo moyoni.

Nilikuwa namkanda miguu. Akasema, "Feli, nataka kwenda nyumbani."

"Utakwenda, Tata."

"Usinijibu kama mtu anayembembeleza mtoto. Nataka kwenda nikiwa nimekaa."

Nilielewa. Sisi Wahaya tulioko huku, mtu akifa Mwanza hazikwi Mwanza. Anarudishwa kwao, anazikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba aliyozaliwa chini yake. Tuna chama cha kuzikana kwa ajili hiyo. Na miaka thelathini na moja, waliorudi kwa ndege wamepita mikononi mwa baba yangu.

"Nimewapakia wengi," akasema. "Tulikuwa tunavua kofia, tunalisukuma sanduku taratibu, halafu mimi naliambia kwa Kihaya: waitu, ndugu yetu, tunakwenda nyumbani, ni dakika arobaini na tano tu. Wote wamepita juu ya lile ziwa, Feli, na hakuna hata mmoja aliyeangalia dirishani. Mimi nataka kuangalia. Kiti cha upande wa kulia, nyuma ya bawa. Rubani mmoja aliniambia, ukikaribia Bukoba unakiona kisiwa cha Musira kabla hujauona uwanja."

Nilikwenda jikoni nikalia. Halafu nikakasirika, na hasira ndiyo inayonifaa zaidi.

Machi 9

Ponsian amepiga simu kutoka Dar. Ni mdogo wangu, na ni mtu wa ofisi. Anataka Tata apelekwe kwake, kuna hospitali kubwa. "Dada, Mwanza na Dar ni saa moja na nusu tu."

Nikamwambia, "Kama ni saa moja na nusu tu, mbona tangu Krismasi ya mwaka juzi hujafika?"

Akasema mtandao unasumbua, akakata. Thubutu! Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Machi 12

Nimemuuliza daktari. Barabara ya kuzunguka ziwa ni zaidi ya kilometa mia nne na kivuko katikati, amesema itammaliza. Meli, akizidiwa usiku katikati ya maji nani atamsaidia? Ndege, akiwa ametulia na amekaa, hiyo anaweza kuiandikia barua ya ruhusa. Barua itadumu siku saba tu, na uzito ukipita kilo sitini na moja ni ishara kwamba maji yamejaa mwilini, barua ife.

Watu watasema, na ile ndege iliyoishia ziwani pale Bukoba je? Nimemuuliza Tata mwenyewe. Akasema, "Na meli je, haikuzama? Niambie njia ambayo Wahaya hawajafia, nipite hiyo."

Machi 15, Jumamosi

Tiketi mbili siziwezi. Sare watu hushona Januari, na hii ni Machi. Nimekwenda chamani.

Mwenyekiti wetu ni mzee Yeremia, mkaguzi wa shule mstaafu, Mlutheri wa Kamachumu, mtu anayepiga pasi mpaka leso. Nilimwamkia, nikakaa, nikatoa haja yangu: chama kimsafirishe Tata sasa, akiwa hai, badala ya kungoja. Kazi ni ile ile, tena imepungua, maana sanduku halihitajiki.

Akavua miwani. "Felicitas binti yangu, katiba inasema 'kumsafirisha mwanachama aliyefariki'."

"Mwanachama mwenyewe amechanga miaka ishirini na sita, mwenyekiti."

"Ndiyo. Siku akifariki hatutalala mpaka afike kwao."

"Siku akifariki atakuwa na haja gani na dirisha?"

"Tukimsafirisha mmoja mzima, kesho wote watataka kwenda kula Krismasi." Akafungua daftari lake kubwa anionyeshe. Jina. Tarehe ya kufariki. Tarehe ya kusafirishwa. Jina la aliyepokea mwili. "Unaona? Nitamwandika safu ipi?"

Nikamwambia achore safu nyingine, rula si anayo? Nikaondoka bila kuaga vizuri. Mama angekuwepo angenifinya. Sijajuta.

Machi 17

Kilo hamsini na tisa. Nimemtumia katibu wa chama ujumbe: "Naomba fomu ya usafiri ya baba yangu, mzee Byabato." Nia yangu ni kukata neno "marehemu" kwa kalamu nyekundu, niandike "mgonjwa", nimrudishie mwenyekiti mezani kwake aikatae kwa maandishi.

Machi 18, Jumanne

Loo! Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nyuma naanua nguo. Nikasikia mwanamke analia kuanzia getini, kilio cha kuanguka chini. Nikajua jirani amefiwa. Kabla sijazunguka nyumba, Mama Wilhelmina, kiongozi wa akina mama wa chama, ameshaingia sebuleni, kanga kichwani, amejitupa kwenye kochi. Kwenye kochi hilo hilo Tata amekaa anakunywa uji.

"Wilhelmina," Tata akasema, "punguza sauti kidogo, nasikiliza taarifa ya habari."

Yule mama alipiga ukelele wa pili, na huo ndio ulikuwa wa kweli.

Kumbe hiyo fomu haijawahi kuombwa na mtu yeyote isipokuwa aliyefiwa. Katibu alipoiona ile meseji akaiweka moja kwa moja kwenye kundi la chama: Mzee wetu Byabato ametutoka, tukutane kwake Pasiansi. Na watu wetu kwa msiba hawana ajizi. Ilipofika saa nne lilikuwa limeshuka turubai, viti vya plastiki mia moja, kuni, masufuria mawili makubwa unayoweza kuogeshea ng'ombe, na mchele. Vijana wanauliza turubai lifungwe wapi. Mimi nimesimama na kapu la nguo mkononi kama mjinga.

Mzee Yeremia akafika na suti nyeusi, daftari kwapani. Akamkuta marehemu barazani.

"Karibu, mwenyekiti," Tata akasema. "Umewahi."

Mwenyekiti alinigeukia mimi. "Mmetudhalilisha."

"Mimi nimeomba fomu," nikasema. "Aliyemuua baba yangu ni katibu wako."

Watu wakaanza kuguna, wengine kucheka kwa kujificha. Mvua nayo ikashuka, wote wakajibana chini ya turubai, hakuna wa kuondoka. Tata akaomba nimsimamishe. Alinishika bega, nikamsikia anavyohema, nikataka kumwambia akae. Nikamwegemeza kwangu.

"Nawashukuru," akasema. "Mmekuja mbio. Mmeacha kazi, mmeacha biashara, kwa ajili ya Byabato. Basi hizo mbio mlizoniwekea akiba, nipeni leo. Nimewapakia wazazi wenu. Wewe Yeremia, mkeo nilimpakia kwa mikono hii, na uliniambia nisimgongeshe. Nilimgongesha?"

Mwenyekiti akatikisa kichwa.

"Basi. Mimi nataka kwenda nikiwa nimekaa. Wali mmeshaleta, tule. Siku nikifa kweli msinipikie tena, nitakuwa nimeshakula."

Hakuna aliyejua acheke au alie. Mama Wilhelmina alifanya vyote viwili.

Sasa sikiliza lililotokea. Kwenye meza ya mlangoni palikuwa na beseni la rambirambi, na limeshajaa, maana watu waliweka wakiingia kabla hawajamwona mwenye msiba anakunywa uji. Katibu, kwa haya aliyokuwa nayo, akasema kila mtu achukue chake. Mama Wilhelmina akamzuia mkono.

"Rambirambi inarudi mfukoni? Tangu lini? Ukiirudisha unakwenda na msiba wake nyumbani kwako. Chukua wewe wa kwanza tuone."

Mkono wa katibu ulirudi upesi kama umeungua. Hakuna aliyelisogelea lile beseni. Mwenyekiti akasema hela hiyo chama hakiitambui, kwa kuwa hakuna kifo. Mama Wilhelmina akasema vizuri sana, kama chama hakiitambui basi ni ya mwenye nyumba. Akalibeba beseni, akaliweka miguuni pa Tata.

"Nenda, baba," akamwambia. "Kaa dirishani."

Machi 19

Kilo hamsini na tisa. Amelala kutwa. Jana ilimchosha. Viti vimerudishwa.

Machi 23

Kilo sitini na moja na nusu. Miguu imejaa mpaka magotini. Daktari ameongeza dawa, amesema barua hapana, tusubiri. Ndege ikapita. Safari hii Tata hakusema dakika, akahesabu kwa vidole.

Machi 26

Sitini na moja. Mvua ya mawe. Nimetega ndoo tatu sebuleni, bati linavuja, na hakuna fundi anayepanda juu mvua hii.

Machi 29

Sitini. Namnyima chumvi ananitukana kwa Kihaya. Dalili njema.

Aprili 2, Jumatano

Hamsini na tisa! Daktari ameandika barua, mwisho wake Aprili 8. Nimekwenda mjini mwenyewe, nimekata tiketi za Ijumaa: upande wa kulia, nyuma ya bawa. Binti wa kaunta akaniambia viti vya mbele ni vizuri zaidi kwa mgonjwa. Nikamwambia asante mwanangu, mgonjwa wangu ni mtaalamu wa hiyo ndege.

Aprili 4, Ijumaa

Haikuruka. Mvua Bukoba, uwanja hauonekani. Tumekaa pale tangu saa moja mpaka saa saba, Tata na koti lake la harusi. Tumehamishiwa Jumatatu.

Mhoja, Msukuma wa Bujora aliyefundishwa kazi na Tata na sasa ndiye mkubwa wa wapakiaji, alituletea chai. Akamwambia, "Mzee Byabato, usiku ule nilipoanza kazi uliniambia mzigo haukasiriki." Tata akamjibu, "Nilikuwa sijawahi kuwa mzigo."

Aprili 6, Jumapili

Ponsian amekuja. Bila taarifa, saa nane mchana, viatu vinang'aa, na tiketi ya Tata ya kwenda Dar kesho mkononi. Daktari bingwa anasubiri, kitanda kipo.

"Dada, unamuua kwa ukaidi. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Na sikio la Dar halisikii simu," nikasema.

Tulipandishiana sauti mpaka majirani wakazima redio. Nilimwambia yote ya miaka miwili: usiku wa kumgeuza ubavu, foleni za hospitali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mdogo wangu! Akasema yeye ndiye mtoto wa kiume. Nikamwambia kiume chenyewe kimechelewa njiani.

Tata akagonga fimbo chini. "Ponsian. Njoo hapa. Umekuja kwa ndege?"

"Ndiyo, Tata."

"Kilometa mia nane arobaini na tano. Umekaa upande gani?"

"Dirishani."

"Umeona nini?"

Ponsian akafikiri. "Sijui. Nilikuwa nimelala."

Tata akasema, "Mwanangu, wote niliowapakia walilala hivyo hivyo, lakini wao walikuwa na sababu."

Ponsian alikaa chini, pale sakafuni, karibu na ndoo ya matone, na suruali yake ya ofisi. Akalia kwa sauti. Nilikuwa bado namkasirikia, lakini nilimletea maji. Baadaye nikamwona anamkanda Tata miguu, anaibonyeza kwa kidole na kuangalia shimo linavyochelewa kujaa. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba Dar hakuna moyo wa akiba.

Aprili 7, Jumatatu

Kilo sitini. Ukungu. Haikuruka. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya barua.

Aprili 8, Jumanne

Kilo sitini na nusu. Nilimpima mara tatu, mizani ile ile. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nikasema mbele ya Mungu kwamba leo tunakwenda, Apende Asipende, na baadaye nikatubu kidogo.

Uwanjani nilimkuta mzee Yeremia, na mwavuli, na suti ile nyeusi. Nikajiandaa kwa vita. Akasema, "Sikuja kama mwenyekiti," akamfunika Tata mwavuli kutoka kwenye gari mpaka mlangoni, yeye mwenyewe akilowa. Nimemtukana mtu huyu kurasa nzima humu. Sifuti, lakini naandika na hili.

Saa tatu wakatangaza Bukoba. Nilishika barua kama mtu aliyeshika roho ya mtu.

Kwenye ngazi ya ndege Tata alikataa kubebwa. Akapanda hatua tatu kwa miguu yake, ya nne ikamshinda. Ponsian, aliyekuwa amebadilisha tiketi yake ya Dar kuwa ya Bukoba, akainama, akamweka mgongoni. Kabla hawajaingia Tata akageuka, akaita chini: "Mhoja! Leo chini kuna mtu?"

"Hakuna, mzee! Ni mabegi tu na maboksi ya dawa!"

"Basi leo wote tuko juu," akasema.

Mhoja na vijana wake walivua kofia kwa mazoea. Tata akawafokea wazivae, mvua inanyesha.

Tuliruka. Aliweka saa yake gotini. Nje palikuwa peupe tupu. Dakika kumi, peupe. Ishirini, peupe. Alibandika paji la uso kwenye kioo na hakulitoa. Thelathini na tano, peupe, kama mtu ametandika shuka makusudi. Niliumia jamani. Niliwaza beseni, mvua, mizani, yote hiyo tuje kuangalia ukungu. Nikataka kumpiga mtu.

Dakika ya arobaini na sita ndege ikashuka, na wingu likachanika. Ziwa likaja lote kwa mara moja, jeusi, na Musira palepale alipoambiwa, mawe yake yamelowa. Halafu mnara wa kanisa kuu. Halafu kijani, migomba juu ya migomba mpaka kilimani.

Tata alivua kofia. Midomo ikawa inacheza, nikadhani anasali rozari. Nikasogeza sikio. Alikuwa anataja majina. Rwegasira. Mama Teodora. Mke wa Yeremia. Mwalimu Kamugisha. Anawataja mmoja mmoja na kuwaelekeza: Musira hiyo hapo, kanisa lile, angalieni, mto umejaa, migomba haijambo.

Tulipogusa ardhi akatazama saa. "Dakika hamsini na moja," akasema. "Miaka thelathini na moja nimewaambia watu arobaini na tano. Nimewadanganya."

Ponsian alikuwa amekaa kiti cha nyuma yetu. Macho yalikuwa wazi, mekundu.

Aprili 9, Kashozi

Mizani tumeisahau Mwanza. Miguu imevimba. Amelala kwenye nyumba aliyojenga babu, dirisha liko wazi, harufu ya majani mabichi inaingia. Asubuhi aliomba akalishwe nje, akaonyesha kwa fimbo mahali panapostahili kuwa pake siku ikifika, kati ya kaburi la mama na ule mgomba wa ndizi za pombe. Alionyesha kama mtu anayechagua mahali pa kuweka kiti. Sikulia.

Saa tano mzee Yeremia akapiga simu. Alikohoa, akasema kamati imekaa jana usiku, imeona Byabato aingizwe kwenye daftari, rula imepatikana. Tarehe ya kufariki ameiruka. Ya kusafirishwa ameandika. Ila ile safu ya mwisho haiwezi kubaki wazi, utaratibu ni utaratibu: jina la aliyepokea mwili.

Nilitaka kumjibu. Tata akanipokonya simu.

"Andika Byabato," akasema. "Nimejipokea mwenyewe."